Nyayo Saba za Duni Makungu

Duni Makungu alikuwa na bakora mbili. Moja ilikuwa ya kwendea msikitini. Ya pili, ya mti wa mtobwe, nyembamba na ngumu, ilikuwa na kazi moja tu: kupiga vifundo vya miguu ya watu.

Mchana alishona makubadhi ya ngozi katika kibanda chake Mlandege, upande wa Ng'ambo. Jioni aliwafundisha wanaume saba ngoma ya kugonga. Ngoma hiyo aliikuta bandarini akiwa kijana, siku mpishi mmoja wa meli alipopanda juu ya kasha na kucheza kwa viatu vilivyopigiliwa vyuma. Duni alitazama mara moja. Akarudi kibandani, akakata pete ya pipa bovu, akaipigilia kwenye soli za viatu vyake vikuukuu, na kwa miezi miwili majirani zake hawakujua usingizi wa mchana. Hakuiga tu. Aliipangia ngoma ile njia yake mwenyewe, akampa kila mchezaji mlio wake, na wote saba walipocheza juu ya jukwaa la mbao Mnazi Mmoja siku za Sikukuu, ilisikika kama mvua ya masika inavyoingia mtaani, nyumba baada ya nyumba.

Na kila alichokipanga alikiandika. Mchezaji alisimama juu ya karatasi, naye Duni akapitisha kalamu ya risasi kuzunguka unyayo wake, kama anavyompima mteja wa makubadhi. Ndani ya unyayo alitia alama: nukta panapogonga kisigino, kistari panapogonga vidole, duara dogo mguu unapobaki hewani. Juu yake aliandika jina la mwenye mguu. Mchezo mmoja ulikula daftari tatu.

Sheria ya kundi lake ilikuwa ngumu. Aliyekosea alipigwa bakora kifundoni, kisha akahamishiwa nafasi ya mwenzake, acheze ya mwenzake mpaka aijue kama yake. Aliyehama kuliko wote alikuwa Muhiddin, mchukuzi wa bandarini. Kidole cha pili cha mguu wake wa kushoto kilikuwa kimekatwa na kasha, na Duni aliamini kwamba uvivu wake wote ulikaa katika pengo lile.

"Wee Muhiddin! Masikio yako umeyaacha kwa mama'ko?"

"Ninayo, Fundi."

"Basi yajulishe kwa mguu wa kushoto, maana naona hawajuani!"

Bakora ilishuka. Wenzake walicheka, na Muhiddin akacheka nao, machozi yakimlengalenga. Kwa mtindo huo, ndani ya miaka mitatu alikuwa amesimama nafasi zote saba.

Sikukuu moja ya mwaka 1963 alikosea mbele ya umma. Mtu mwingine angeliacha mchezo uendelee. Duni alinyanyua mkono, akausimamisha, akapanda jukwaani na bakora yake, akampiga Muhiddin mara nne mbele ya wanawake na watoto. Umati ulicheka mpaka vumbi likatimka. Muhiddin alivua viatu vyake vya chuma, akavitupa miguuni pa mwalimu wake.

"Ipo siku, Fundi," alisema.

Siku ile ilikuja Januari iliyofuata.

Katika wiki za mwanzo za mwaka 1964 mji ulilia kwa bunduki za mapinduzi. Hamad na Hasan, ndugu wawili waliocheza mstari wa mbele, waliuawa asubuhi moja katika kichochoro kimoja. Duni ndiye aliyewatambua, kwa miguu yao, maana nyuso hazikutambulika. Wachezaji wengine wanne walivuka bahari na hawakurudi. Siku ya kumi wanaume watano wenye silaha waliuvunja mlango wa kibanda cha Duni, ingawa haukuwa na komeo. Walipindua meza, wakamwaga misumari, wakazitoa daftari tatu chini ya ngozi za mbuzi. Mmoja wao, aliyebaki nyuma akitazama chini, alikuwa Muhiddin.

Kiongozi wao, mtu mrefu aliyevaa kofia ya jeshi isiyomtosha, alifungua ukurasa wa kwanza.

"Majina," alisema. "Nyayo za watu. Alama. Hii siri ya nani?"

"Si siri, bwana. Hiyo ngoma."

"Ngoma?"

"Naam. Nimeiandika."

Yule mrefu aliwageukia wenziwe. "Mshapata kusikia? Ngoma inachezwa! Mama yangu kacheza ngoma miaka hamsini, hajaandika hata nukta. Nani anaandika ngoma?"

Kweli, katika kisiwa kizima hapakuwa na mtu mwingine aliyefanya jambo hilo. Yule mrefu alifunua tena, akasita, akainua macho taratibu.

"Muhiddin. Jina lako limo humu."

Duni alimtazama mwanafunzi wake. Neno moja lingelitosha kumwokoa. Muhiddin alikuwa amesimama juu ya karatasi zile kwa miguu yake mwenyewe.

"Wako kina Muhiddin wengi," alisema Muhiddin. "Mie simjui mtu huyu."

"Humjui? Basi mpige aseme."

Muhiddin aliiona bakora ya mtobwe ukutani. Aliitungua. Walimlaza Duni juu ya meza ya kushonea, wawili wakamshika mabega, na Muhiddin akaanza na kifundo cha kushoto. Alipiga moja, akapiga mbili, akanyamaza kidogo, akapiga tatu za haraka. Duni, katikati ya mayowe yake, alitambua kwamba anapigwa kwa mapigo ya mchezo wake mwenyewe, nafasi ya tano, pale wachezaji wanapogeuka. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu. Bakora nayo ilivunjika. Kisha kitako cha bunduki kilimshukia kichwani, na hakusikia tena kitu.

Walimfungia wiki sita. Alipotoka, mguu wa kushoto ulikuwa umeunga upande, na kichwani mlikuwa na mahali patupu. Alirudi kwao Makunduchi, nyumbani kwa dada yake Mwanamkasi, akashona makubadhi ukumbini na kuchonga bakora nyingine ya mtobwe ya kumsaidia kutembea. Alinunua daftari mpya, akaandika majina saba, akakaa na kalamu mkononi. Aliikumbuka sauti ya mchezo wake, lakini miguu iliyoifanya sauti ile hakuikumbuka. Kila alipoanza mstari, ulimponyoka.

"Kaka, achana nayo," Mwanamkasi alimwambia. "Umebaki hai, shukuru."

"Nimebaki hai kufanya nini? Mguu ushakufa. Kichwa kishatoboka. Kilichobaki ni zile daftari, na anazo yeye."

Alikuwa na hakika kwamba Muhiddin anazo, maana katika wale watano ndiye pekee aliyejua zina nini. Alikuwa na hakika pia kwamba ipo siku Muhiddin atakuja, kwa sababu naye alikuwa mtu wa Makunduchi, upande wa pili. Na kila Julai, siku ya Mwaka Kogwa, watu wa Makunduchi hurudi kwao. Siku hiyo wanaume wa pande mbili hupigana uwanjani kwa mabua ya migomba. Mwenye kinyongo na mwenziwe humtafuta, humpiga, hupigwa, na banda la makuti likishachomwa moto, kinyongo cha mwaka kimekwisha. Hapaingii kisu wala gongo. Na hakuna anayekula peke yake siku hiyo. Mgeni akisimama mlangoni, hulishwa.

Duni alingoja miaka minne. Julai ya mwaka 1968 jirani alipita kibarazani na kusema kwamba Muhiddin ameonekana. Bunduki alinyang'anywa zamani. Siku hizi anabeba zege huko mjini, zinakojengwa nyumba za Michenzani.

Asubuhi ya Mwaka, Duni alichagua bua nene, akalipasua kwa kisu cha ngozi, akatia ndani vyuma viwili vya viatu vyake vya zamani. Alilifunga kwa uzi wa kushonea. Mkono wake ulikuwa mkono wa fundi, mshono haukuonekana.

Uwanja ulikuwa umeshachafuka. Mabua yalikuwa yakipasuka juu ya migongo, maji ya migomba yakirukia nyuso, na wanawake waliovaa kanga mpya walizunguka wakiwaimbia wapiganaji maneno ya kuwachoma: "Waume wa upande ule, mikono ya uji! Waume wa upande ule, wapigeni kuku!" Duni alipita katikati yao akichechemea. Muhiddin alimwona, akasimama. Alikuwa amekonda, na mvi zimemwingia.

"Fundi," alisema.

"Njoo."

Muhiddin alipiga kwanza, begani, pigo la adabu. Duni alipiga usoni. Bua halikulia kama bua. Shavu la Muhiddin lilipasuka mpaka mfupa ukaonekana, meno mawili yakamtoka, akaanguka chali. Duni alimpiga tena kifuani, na tena, na angeliendelea kama mzee wa uwanja hakumdaka mkono. Mzee yule alilitikisa bua, akalivunja gotini. Vyuma viwili vilianguka mchangani.

Nyimbo zilikatika.

"Duni! Chuma kimeingiaje katika Mwaka?"

"Kimeingia kwa mkono wangu."

"Basi hukupigana. Umevizia. Wenzako wote leo watalala weupe, weye utalala na kinyongo chako." Mzee alitema mate chini. "Na huyu umempasua weye, kwa hiyo atalala kwako. Mbebeni."

Ndivyo Muhiddin alivyoingia nyumba ya Mwanamkasi, akibebwa na watu wanne. Bibi huyo alimwosha jeraha kwa maji ya chumvi, akalifunga, akamnywesha uji kwa kijiko huku akimkemea kakaake kwa macho. Moshi wa banda la makuti ulikuwa ukipita juu ya ua. Duni alingoja uji uishe.

"Daftari zangu ziko wapi?"

"Zimeungua," alisema Muhiddin kwa upande mmoja wa mdomo.

"Lini?"

"Siku ile ile. Nlipewa mie nizibebe, na jina langu limo, Fundi. Ningelikaa nazo vipi? Nlizitia jikoni mwenyewe, karatasi moja moja."

Miaka minne ilimwangukia Duni kwa mara moja. Aliufuata mchi uliolala juu ya kinu, akaunyanyua kwa mikono miwili.

"Kaka!" Mwanamkasi alipiga kelele. "Mtu huyo nshamlisha!"

Muhiddin hakukinga kichwa. Aliikunja miguu yake, akaificha chini ya mapaja, akaikumbatia.

"Piga kichwa," alisema. "Kichwa changu hakina kitu. Miguu niachie."

"Kwa nini nikuachie? Weye uliniachia?"

"Sikukuachia. Lakini Hamad kafa, Hasan kafa, wale wengine hawarudi. Na weye watu wanasema umesahau. Mie nilisimama nafasi zote saba, Fundi. Ulinisimamisha weye, kwa bakora. Ukinivunja miguu hii, ndo basi tena."

Mchi ulisimama hewani. Duni alipumua kama mtu aliyekimbia.

"Nafasi ya Hamad," alisema. "Pale wanapogeuka."

Muhiddin alijizoa, akashika ukuta, damu ikimchuruzika shingoni. Alicheza peku juu ya sakafu ya udongo. Hapakuwa na chuma, wala mlio wa maana. Palikuwa na kisigino na vidole tu. Lakini Duni aliwasikia Hamad na Hasan wakigeuka pamoja, jukwaani, Mnazi Mmoja. Aliutupa mchi kwa nguvu zake zote. Ulivuka ua, ukavunja mtungi.

"Mtungi wangu una kosa gani?" aliuliza Mwanamkasi.

Hawakuwa marafiki. Mwaka uliofuata walikutana tena uwanjani na wakapigana kwa mabua matupu, na Muhiddin alimpiga Duni mpaka akamlaza kifudifudi, kisha akamwinua, wakaenda nyumbani kula. Baada ya chakula Duni aliung'oa mlango wa banda la kuku, akaulaza uani, akampa Muhiddin viatu vya chuma. Vilikuwa ni vile vile alivyovitupa mwaka 1963. Mwanamkasi alivitoa kibandani siku alipokwenda mjini kumchukua kakaake.

Iliwachukua Julai tatu. Muhiddin alibaki siku nne au tano kila mara, kisha akarudi kwenye zege yake. Alisimama juu ya karatasi, Duni akapitisha kalamu, akauliza, akasikiliza, akatia nukta na vistari. Ukurasa wa Hamad. Ukurasa wa Hasan. Kurasa za wale wanne waliovuka bahari. Nafasi ya mwisho ilikuwa ya Muhiddin mwenyewe, na walipofika pale alipokosea mbele ya umma, alikosea tena, pale pale.

Bakora ilikuwa mkononi mwa Duni kwa sababu ya mguu wake mbovu. Ilipanda yenyewe, kama ilivyozoea. Muhiddin aliiona. Safari hii hakuuficha mguu. Aliuacha juu ya ubao, kifundo wazi, akangoja.

Bakora ilishuka juu ya ubao, shubiri moja kutoka mguuni. Ta. Duni akapiga tena, ta-ta, akimhesabia. Mguu wa kushoto ulinyanyuka, ukabaki hewani kidogo, ukashuka mahali pake.

"Hapo," alisema Duni, na akaandika duara.

Mwaka 1972 alizibeba daftari tatu mpya ndani ya kanga ya dadaake, akapanda gari la abiria mpaka mjini, akaingia katika ofisi moja inayohifadhi karatasi za zamani. Karani alikuwa msichana mdogo, Shemsa kwa jina. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akazipekua daftari kwa uangalifu. Halafu akakunja uso.

"Mzee, nyayo zote hizi za kushoto zina pengo la kidole kimoja. Hizi za mtu mmoja."

"Naam."

"Na majina ni saba. Sasa kwenye jalada niandike wachezaji wangapi?"

Duni aliegemea bakora yake.

"Andika saba," alisema.