Baraza Nane za Mtaa wa Mvuleni

Elinaza Mfinanga aliishi Temeke, Mtaa wa Mvuleni, miaka ishirini na sita bila kujua jina la jirani wa nyumba ya tatu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karani wa bandarini, Mpare wa Usangi, mtu wa kuamka alfajiri, kupiga pasi shati lake, kwenda kazini na kurudi. Siku aliponunua ile nyumba ya zamani, yenye ukumbi katikati na vyumba sita, alikuta nje kuna baraza ya saruji ambayo wazee walizoea kuikalia baada ya sala ya alasiri. Akaivunja, akajenga ukuta na kuweka geti. Wenye nyumba wengine nao walivunja za kwao wakajenga fremu za maduka, mpaka mtaa mzima ukabaki na baraza moja tu, ya Bi Hamisa, fundi cherehani.

Bi Hamisa alizaliwa mtaa huohuo, na ndiye katibu wa Umoja wa Majirani. Umoja wenyewe ulianza na watu wachache wa kuzibua mitaro wakati wa masika. Baadaye wakawa wanazikana, wanauguzana, wanaozeshana. Elinaza hakuwahi kukanyaga mkutano hata mmoja. Mkewe alipofariki, na binti yake Blessing yuko kazini Mwanza, Hamisa, ambaye mtaani humwita pia Mama Farhan kwa jina la mwanawe, alifika getini kwake.

"Shikamoo, Baba Blessing. Umoja umekubaliana wanaoishi peke yao tuwe tunawapitia asubuhi. Kujuliana hali tu."

"Marahaba. Nashukuru, Mama Farhan, lakini mimi si mtoto wa kukaguliwa."

"Sawa, baba. Ila mie nitapita."

Akawa anapita. Anagonga geti, anasubiri mpaka asikie "Nipo!", ndipo aende zake. Kusema kweli, jambo hilo lilimkera sana Elinaza. Kuna siku aliitikia kwa sauti ya ugomvi kabisa.

Jumanne moja ya mwezi wa tano Hamisa aligonga akasikia redio tu. Akagonga tena. Akamwita Talha, mwashi wa nyumba ya pili, naye akaparamia ukuta na kufungua geti kwa ndani. Walimkuta Elinaza ameanguka kando ya sinki, mdomo umekwenda upande, macho yako wazi. Hakuweza kutamka neno, lakini alisikia yote. Ndani ya bajaji, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Hamisa, alimsikia akirudia, "Tupo, baba. Tupo nawe." Daktari aliwaambia kiharusi hakisubiri, wangechelewa, wangemkosa.

Aliporudi nyumbani baada ya wiki tatu, mguu wa kulia ulikuwa unaburuzika na maneno yanamkwama kooni. Mtaalamu wa mazoezi alimwagiza atembee kila siku. Blessing, aliyekuwa ameomba likizo, alimtoa nje akiwa amemshika mkono. Hatua thelathini tu, baba akaishiwa pumzi, na pa kukaa hapakuwepo. Akasimama ameegemea fremu ya duka la watu, jasho likimtoka, machozi nayo yakifuata. Wakarudi ndani. Kesho yake akakataa kutoka.

Blessing alilieleza hilo kwenye mkutano wa Umoja, zaidi kwa kuaga, kwa kuwa alishaamua kumchukua baba yake Mwanza. Kisha Talha akauliza, "Hatua thelathini, siyo?" Akatoka nje akaanza kupima mtaa kwa miguu, akichora alama za chaki. Aliporudi alisema, "Baraza nane, ukihesabu na ya Bi Hamisa, zinatosha kumfikisha kwenye kona ya msikiti na kumrudisha. Mie nitajenga. Nyie leteni tofali."

Haikuwa rahisi hivyo. Mwenye duka la vipodozi, Naima, aligoma kabisa: baraza itamzibia wateja. Walibishana naye hadi magharibi. Jumapili asubuhi, wenzake walipokuwa wanakoroga saruji, alitoka akamwambia Talha, "Yangu iweke chini ya dirisha. Na uipige lipu vizuri, nisione aibu." Erasmus, mwalimu wa sekondari, alibeba mchanga kwa toroli mpaka viganja vikachubuka. Elinaza aliwatazama kupitia upenyo wa geti, akaona watu aliowapita kwa robo karne wakipima kwa kamba mahali pa kumpumzisha yeye.

Blessing alirudi kazini Mwanza peke yake, na wiki iliyofuata baba akaanza. Siku ya kwanza baraza moja, baada ya siku nne, baraza mbili. Hamisa alitunga sharti: hapewi kahawa mpaka amtaje mwenye nyumba ya baraza aliyoikalia. Ndivyo alivyojua majina, kwa kuyavuta moja moja kutoka kwenye ulimi mzito. "Na... Naima." "Ru... Rukaiya." Bibi Rukaiya, mwenye miaka themanini, alimsubiri amalize bila kumsaidia hata herufi, kisha akamwambia, "Umelitamka vizuri kuliko mume wangu."

Mwezi wa tisa alifika kwenye kona ya msikiti. Waliokuwa wanatoka kuswali walimpigia makofi, na yeye, mzee wa kanisa la Kilutheri, akavua kofia akawainamia. Wiki hiyohiyo alimwita Talha avunje kipande cha ukuta wake na kujenga baraza ya tisa.

Kwenye mkutano wa Desemba aliomba nafasi. Ilimchukua muda mrefu kusema sentensi tatu, na hakuna aliyekohoa. "Nilidhani nimenunua nyumba. Kumbe nilikuwa nimepewa watu. Nisameheni kwa... kwa kuchelewa, na ahsanteni."

Blessing alikuwapo, amekuja kwa Krismasi. Hakuzungumzia tena Mwanza. Siku ya kuondoka, begi liko mkononi, alimwomba Bi Hamisa namba ya simu ya mtu wa kumpigia endapo baba atahitaji kitu.

"Ya nani unataka?" Hamisa akauliza. "Kaa kwanza, mwanangu. Orodha ni ndefu."

Blessing akakaa barazani, akatoa simu, akaanza kuandika.