Firigisi ya Mwalimu

Mwalimu wa darasa la tatu ana mikono myeupe kwa chaki hadi viwikoni, na kila akitoa kanuni huinamisha kichwa na kungoja mtoto amuulize sababu, "Juu ya nini?" Asipoulizwa hununa. "Muulize kila mutu!" huwaambia watoto. "Hata miye, muniulize!" Wazazi wa mtaa wa reli hulalamika kwamba siku hizi mtoto hatumwi maji bila mahojiano. Yeye huwasikiliza kwa adabu, kisha hucheka njia nzima hadi nyumbani.

Jumapili moja, baada ya misa, mke wake alipakua bukari, ugali wa nyumbani kwao, na kuku, akaweka firigisi kwenye sahani ya mume, kama ilivyo desturi. Ilikuwa inakaribia mdomoni pale binti yao Mwadi aliposema, "Papa, juu ya nini firigisi iko ya papa tu?"

Mkono ukasimama hewani. "Njo desturi."

"Na desturi, juu ya nini?"

Neno "nyamaza" lilimfika mwalimu kwenye meno, akalimeza. Alikuna shingo, akatazama dari, akatazama kuku. Sababu haikuonekana kokote. Mwishowe alichukua kisu na kuikata firigisi vipande vitatu, polepole, kama mtu anayemzika ndugu.

Mwadi alitafuna chake, akakunja uso. "Iko nguvu sana."

Mama yake alitafuna chake bila haraka, akalamba vidole. "Papa Mwadi," akasema, "na miye niko na swali."

"Uliza," akajibu mwalimu, kwa sauti ndogo sana.