Bastola Aliyoikataa Mjomba

Katika ghala letu la silaha kulikuwa na desturi moja: fundi aliyeitengeneza bastola ndiye anayeipiga mara ya kwanza. Mjomba wangu aliishika desturi hiyo miaka ishirini na sita bila kusita. Basi siku alipokataa, mimi askari mgeni kazini nilitamani ardhi inimeze.

Bastola yenyewe ilikuwa ndogo, ya zamani. Risasi zake hazikupatikana tena, kwa hiyo mkuu wetu akaagiza itiwe mtutu wa risasi kubwa tunazotumia sote, pamoja na springi ngumu zaidi. Mjomba alibisha, akaamriwa, akatengeneza. Hilo ndilo kosa lake, na mwenyewe halikatai.

Asubuhi, kwenye uwanja wa shabaha, aliiweka mezani mbele ya mkuu na wenzangu kumi.

"Afande, hii haipigwi."

"Uoga umekuanza uzeeni?"

Watu wakacheka. Mjomba hata hakuwatazama.

"Nguvu ya risasi ndogo inazuiwa na springi na uzito wa hiki chuma cha juu, basi. Hii kubwa inataka chuma na mtutu vishikane kwanza, risasi ikishatoka ndipo viachane. Humu hamna pa kushikana. Itafunguka presha ikiwa bado ndani."

"Springi si umeongeza?"

"Springi siyo kufuli, afande."

Mkuu akanigeukia. "Wewe, mpwa wake. Piga."

Mimi na kichwa changu kigumu! Hasira zilishanipanda, naona mzee ananiaibisha mbele za watu. Nikaichukua. "Mjomba, kaa pembeni," nikamwambia, kama ninayeongea na mtoto. Kuonekana mwoga sikutaka. Nikanyoosha mikono, kidole kikagusa triga.

Mjomba akanishika kiganja, akauinamisha mtutu chini, akanipokonya.

"Nenda nyuma ya ukuta."

"Iache tu mezani, mjomba."

"Nikiiacha afande atampa mwingine." Alisubiri nijifiche, akageuza uso, akapiga.

Ganda la risasi lilipasuka, chuma cha juu kikaruka. Moshi ulipotulia, vidole vyake viwili vilikuwa vinaning'inia. Mkuu wetu alikaa chini kwenye vumbi.

Hospitalini nilikaa kando ya kitanda nikitafuta maneno ya kumwomba radhi. Alipozinduka hakuuliza habari za mkono wake.

"Nionyeshe mikono," alisema.

Nikamnyooshea yote miwili. Akavihesabu vidole vyangu kimoja kimoja mpaka kumi, kisha akafumba macho.