Tairi Kubwa Nilizomfungia Mutuma

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya Embu, sikushika spana hata mara moja. Fundi Mkuu, mzee mwembamba aliyevaa ovaroli iliyopigwa pasi, alinipa tyubu na karai la maji akasema, "Tafuta tundu." Niliizungusha tyubu majini mpaka mapovu yakatokea, nikamwita kwa furaha. "Sasa tafuta la pili," akasema. Kumbe yalikuwa matatu.

Kwa mzee yule nilijifunza mambo ambayo nyinyi vijana mnaachia mashine. Nati za gurudumu hazikazwi kwa kufuatana. Unakaza moja, unavuka upande wa pili, ndipo rimu ikae sawa. Kwenye mchanga unapunguza upepo ili tairi ijitandaze chini. Ukirudi kwenye lami unaujaza tena, la sivyo tairi itachemka na kupasuka. Tairi ikilika katikati, ujue upepo ulizidi. Ikilika kandokando, ulipungua. Nilikaa Embu miaka minne, nikatoka hapo nikijiona profesa.

Nilihamia Meru, kwenye mradi wa mifugo uliokuwa na yadi pale Makutano. Tulikuwa na pikapu ya foo-wili, yaani injini inavuta magurudumu yote manne, nayo ilipeleka dawa za chanjo ya ng'ombe Mikinduri na kuteremka hadi Tharaka. Dereva wake alikuwa Mutuma, mtu mpole wa huko Kaaga, baba wa watoto watano, mzee wa kanisa. Kila siku ya kuwa yadini tulikula pamoja githeri ya mkewe, mahindi na maharagwe, kutoka mkebe mmoja.

Mvua zikianza, pikapu ilikwama kila wiki. Matope mekundu yalijaza meno mafupi ya tairi, ikawa inateleza kama iliyopakwa sabuni. Nikamwendea Meneja wa mradi, bwana aliyependa makaratasi kuliko chakula, nikamwambia tufunge tairi ndefu zaidi, zenye meno ya kushika. Akakubali. Nilikata madigadi kwa msumeno wa chuma, nikainua springi kidogo, kisha nikazungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto kuhakikisha tairi haigusi bodi. Safari ya kwanza Mutuma alirudi gari limechafuka hadi paa, lakini halikukwama hata mahali pamoja. Meneja akanishika mkono mbele ya watu. "Ireri, wewe ni fundi kamili." Wacha! Nilitembea wiki nzima kifua mbele.

Miezi miwili baadaye Meneja aliniita ofisini. Alikuwa amefungua kitabu cha safari, ambamo dereva huandika mafuta aliyotia na maili alizokwenda kwa kusoma mita ya gari.

"Tangi lilelile," akasema, "lakini siku hizi maili zimepungua. Mafuta yanaenda wapi? Kagua injini, uniandikie ripoti."

Nilikagua siku nzima. Hakuna bomba lililovuja, kabureta safi. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Injini haina kasoro." Nilijua maana yake. Kama si gari, basi ni dereva. Na niseme ukweli uliokaa moyoni mwangu miaka mingi: nilimshuku. Nilijiambia watoto watano ni mzigo, karo ni karo.

Mutuma aliitwa ofisini, nami nikiwapo, akaambiwa akabidhi funguo. Ijumaa kamati ya mradi ingekaa kumfukuza kazi, bila barua ya sifa, na dereva mwenye jina la wizi wa mafuta angeajiriwa na nani? Aliweka funguo mezani, akanigeukia.

"Fundi, kuuliza si ujinga. Zamani kutoka hapa mpaka Mikinduri mita ilikuwa inasoma namba ileile ya maili, siku zote. Sasa inasoma chini ya hiyo. Hiyo barabara ilifupishwa lini?"

"Visingizio," akasema Meneja.

Mutuma akaenda zake. Mimi nikabaki na swali lake. Mita haioni barabara! Inahesabu mizunguko ya magurudumu tu. Tairi kubwa hupiga mizunguko michache kwa mwendo uleule, kwa hiyo gari lilikwenda mbali na mita ikahesabu pungufu. Hakuna aliyeiba. Ni tairi zangu, na sifa zangu.

Kwenda kumwambia Meneja kulikuwa kuweka kazi yangu mwenyewe rehani. Nilienda. Nilitoa tairi ya zamani stoo, nikaweka alama ya chaki ubavuni na nyingine sakafuni, nikaibiringisha mzunguko mmoja. Kisha tukasukuma pikapu yenyewe, mzunguko mmoja pia, kuanzia alama ileile. Tairi kubwa iliipita ndogo kwa shibiri nzima.

Meneja aliinama, akapima kwa kiganja chake mara mbili. "Kwa nini hukusema haya ulipofunga?"

"Sikujua, bwana. Nilipaswa kujua."

Alichana ripoti yangu. Jumatatu Mutuma alirudi kazini, na mimi nikapewa barua ya onyo, ambayo niliistahili.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na githeri haikukatika. Nimestaafu salama, mgongo unauma kidogo, lakini nalala vizuri. Vijana wakinijia wakitaka tairi kubwa za kujionyesha, nawaambia: fungeni, lakini rekebisheni mita, na spea iwe ya kipimo hichohicho.

Mwaka jana nilimtembelea Mutuma kwake Kaaga. Mkewe alituwekea chai, nikapata nguvu ya kumuuliza kama bado ana kinyongo nami.

"Meneja sikumlaumu," akasema. "Yeye alisoma kitabu. Wewe ulikuwa unanijua. Ulipoandika ile ripoti, mkono ulitetemeka?"

Ningeweza kumdanganya, na sote wawili tungefurahi.

"Haukutetemeka," nikasema.

Alivuta kikombe changu, akakijaza tena.

"Ukweli ndio niliotaka unijibu," akasema. "Kunywa, Ireri, itapoa."