Sista wa Seli

Kisima kile Ekaristia alikichimba pamoja na marehemu mume wake, na kwa miaka kumi na tisa maji yake ndiyo yaliyotengeneza togwa aliyouza sokoni Songea. Kwa hiyo Devota, mtafiti kutoka chuo, alipoomba kuyapima, Ekaristia alikubali kwa shingo upande. Alikubali kwa kuwa bustani za nyanya zilizopigwa dawa zilikuwa mteremkoni juu tu ya kisima, na mkwewe Careen alikuwa mjamzito baada ya mimba mbili kutoka.

"Tutayapima kwa seli za binadamu, mama," Devota alisema.

"Selo? Maji yangu yamekosa nini mpaka yawekwe ndani?"

Careen alicheka mpaka akakaa chini. Devota akaeleza kwamba seli ni vipande vidogo mno vinavyojenga mwili. Hizi zilitoka kwa sista mmoja, mtawa wa ng'ambo aliyekufa kwa saratani zamani, na hadi leo zinakuzwa maabara. Zikikutana na kemikali inayojifanya homoni ya kike, huongezeka upesi kupita kawaida.

"Amekufa, na seli zake bado zinafanya kazi?"

"Kila siku, mama."

Devota aliacha chupa mbili za kioo, Ekaristia achote Jumatatu na kuzituma kwa basi. Jumatatu ilipofika, Ekaristia alihofia zitavunjika njiani. Akachota kwa kidumu chake cha togwa, akakipeleka stendi mwenyewe; kijana wa maabara aliyekipokea akayamimina maji na kukirudisha kwa basi. Chupa akazifungia katika kabati la vioo pamoja na vyombo vya wageni.

Majibu yakaja: seli zimeongezeka sana. Ekaristia alikifunika kisima kwa bati, akaweka mawe juu yake, akaanza kuchota kwa jirani. Siku hizo hakuweza kumtazama Careen usoni.

Devota alipokuja kuwaona, akapewa chai, macho yake yakatua kabatini.

"Mama, mbona chupa zangu zipo?"

"Nimekutunzia, mwanangu. Hata ufa hazina. Maji niliyatuma kwa kidumu changu cha togwa."

Devota akaomba kukiona kidumu. Kilikuwa kimechujuka kwa jua la miaka. Akasema plastiki kuukuu nayo huweza kutoa kemikali kama hizo. Wakayaondoa mawe. Chupa moja wakaijaza kisimani, nyingine wakaijaza maji yaliyolala ndani ya kidumu.

Safari hii Devota alipiga simu. Maji ya kisima hayakuzishtua seli hata kidogo. Ya kidumu yalizishtua.

"Basi kidumu ndicho kiende selo!" Careen alipaza sauti, mkono tumboni.

Togwa ikahamia kwenye mitungi ya udongo. Jumamosi Ekaristia alikwenda parokiani kuandikisha nia ya misa. Katekista Otto akachukua kalamu.

"Jina la marehemu?"

"Sista. Jina silijui. Andika sista wa seli."

"Wa selo? Alifungwa?"

"Hapana, katekista. Amenifungulia kisima."