Nadhiri ya Mbuzi

Rafiki yangu wa Tingi, mwalimu mstaafu wa historia, alipofariki dunia, jeneza lake lilichelewa kutoka nyumbani kwa sababu ya mbuzi. Kaka yake aliuliza, kama ilivyo desturi, iwapo yupo anayemdai marehemu. Sauti ya mjane ikatoka ndani: "Anadaiwa ziara ya Kivinje! Nilipopasuliwa aliweka nadhiri, nikipona atapeleka mbuzi. Nikapona. Akapeleka mbuzi ya kukunia nazi! Mnamzikaje na deni la roho yangu?"

Wapo waliocheka wakajifanya wanakohoa. Mimi siku ile ya ziara niliandamana naye hadi kaburi la shehe wa zamani pale Kilwa Kivinje. Wenzetu wamebeba ubani na marashi, yeye kakumbatia kibao chenye ulimi wa chuma. "Mwalimu, mbona mbuzi wako halii?" akamtania mama anayetunza kaburi. "Shikamoo, mama. Nilisema mbuzi, sikusema mwenye mkia." Njiani mwalimu alinieleza, uso mkavu, kwamba Wayunani wa kale waliokosa ng'ombe walipeleka hekaluni ng'ombe wa udongo, na aliyepona mguu alitundika mguu wa udongo, na miungu yao haikulalamika. Nikamwambia miungu yao haikuwa na mke kama wake.

Basi kaka mtu akaagiza mbuzi wa miguu minne, naye alipofika akaanza kutafuna mkeka tulioukalia. Hapo mama wa Kivinje, aliyekuja kuzika, akauliza huyo ni wa nini. "Deni lilishalipwa. Nazi zote za wali wa ziara tunazikunia mbuzi ya mwalimu."

"Kwa hiyo mimi nimeponea nazi?" akauliza mjane.

"Umeponea, mwanangu. Na umenenepa."

Mjane akacheka, kisha, kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, akalia. "Mtoeni mkamzike," akasema. "Hata leo kashinda ubishi."

Siku hizi tunapenda sadaka inayolia, ili majirani wasikie. Nami sasa, mtu akiahidi mbuzi, namwuliza: ni huyu au ni hii? Huyu tulimla kwenye hitima, tukanawa mikono. Hii bado inakuna nazi Kivinje, na kila wali unapopakuliwa, watu humwombea mwalimu rehema na mkewe umri mrefu.