Mama Pindo na Sare Arobaini za Filamu

Jina la Mama Pindo fundi huyu alipewa na wateja wake, nao walikuwa na sababu. Kila sare ya shule iliyotoka kwenye cherehani yake ilikuwa na pindo la upana wa vidole vinne lililokunjwa kwa ndani, ili mtoto akirefuka lishushwe. Sketi moja ilimaliza miaka mitatu. Ukiitazama kwa makini uliona mistari miwili iliyopauka pale mikunjo ya zamani ilipokuwa, kila mstari mwaka mmoja. Kijiji kizima kilivaa kazi yake, na hakuwa na mali nyingine ya kujivunia isipokuwa jina hilo.

Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Humo mlikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na kigoda cha wifi yake, dada wa marehemu mume wake, ambaye hakuwahi kushona hata kifungo lakini hakukosa siku ya kazi.

Watu wa filamu walikichagua kijiji hiki baada ya kuzikataa shule nne ambazo mabati yake yaling'aa mno. Walitaka kueleza habari za watoto maskini na walimu wao waliojitolea. Mwongozaji wao, mtu ambaye hakuvua kofia hata darasani, alizunguka akitengeneza fremu kwa vidole.

"Pazuri sana," alisema kila alipoona ufa ukutani.

Mwalimu mkuu, aliyekuwa ameandika barua sita kuomba saruji ya kuziba nyufa hizo, alitabasamu kama mtu aliyesifiwa mapambo ya sebuleni kwake. Watoto, hata hivyo, hawakumridhisha mgeni.

"Mbona nadhifu hivi?"

"Ni maskini, bwana," mwalimu mkuu akamhakikishia kwa haraka. "Ila wanafua."

Siku iliyofuata, kijana msimamizi wa mavazi alimletea Mama Pindo majora mawili ya kitambaa kipya na kuagiza sare arobaini kwa siku tisa. "Ni za watoto wa pale shuleni," alisema, akaondoka. Mama Pindo hakuuliza zaidi, na hapo ndipo alipokosea.

"Wifi, hiyo ni zawadi!" alisema aliyekaa kigodani. "Watu wa mjini wana moyo jamani."

"Basi nyamaza nipime."

Aliwapima wote arobaini, mmoja mmoja, akaandika vipimo katika daftari. Kila sare aliiachia pindo lake kamili, kwa kuwa hata sare ya zawadi hushushwa pindo. Siku ya tisa alizipiga pasi, akazipeleka shuleni zimekunjwa kwa mpangilio wa madarasa. Msimamizi wa mavazi alikuwa akimsubiri na wembe, jiwe la kusugulia na beseni la tope. Alichukua shati la juu, akalitia wembe begani.

"Wewe kijana! Unafanya nini?"

"Nalizeesha, mama."

"Shati linazeekea begani? Umewahi kuwa mtoto wewe? Mtoto anachanika makalioni, anachanika kwapani. Begani anachanikia wapi, anasugua dari kwa bega?"

"Begani kamera inaona vizuri."

Mama Pindo alistahimili hadi shati la tatu. La nne lilipozamishwa topeni alimwendea mwongozaji, akamvuta mtoto wa kike aliyekuwa karibu na kumwonyesha ile mistari miwili kwenye sketi yake.

"Kama mnataka umaskini, huu hapa. Sketi hii ameivaa tangu darasa la kwanza. Pigeni picha hii."

Mwongozaji aliinama, akaitazama kwa adabu. "Haionekani, mama. Mtazamaji hatalia."

"Basi naomba neno moja tu. Msije mkasema matambara hayo nimeshona mimi. Mimi nina jina hapa."

"Usiwe na wasiwasi mama yangu," alijibu, macho yake yakiwa kwenye mawingu. "Hatutakusahau."

Upigaji picha ulichukua wiki mbili. Mwigizaji aliyecheza mwalimu aliyejitolea alimbeba mtoto kuvuka kijito mara saba, kijito ambacho maji yake yalifika kwenye vifundo vya miguu. Mtoto aliambiwa aogope, akauliza aogope nini. Mwalimu halisi wa darasa la tatu, aliyefundisha hapo miaka kumi na minane, alipewa kazi ya kumshikia mwigizaji mwavuli.

Miezi mingi ikapita kabla filamu haijaletwa kuonyeshwa. Darasa kubwa lilizibwa madirisha kwa mablanketi mchana kweupe, wageni wakakalishwa mbele na wazazi nyuma. Mbele walilia. Nyuma mambo yalikuwa tofauti.

"Huyo si wangu? Mbona kachanika begani?"

"Labda alitembelea mabega."

"Na tope lote hilo! Nyumbani kwenu hakuna maji, shoga?"

"Yapo. Sabuni ndiyo ilikwenda kwenye filamu."

Kisha majina ya watengenezaji yakaanza kupanda ukutani. Msimamizi wa mavazi alikuwa amegombana na wakubwa wake, jina lake likaondolewa, na nafasi haikuachwa wazi: *Mavazi: Mama Pindo*. Wifi yake alipiga makofi peke yake. Mama Pindo alisimama katikati ya mwanga, herufi zikampanda usoni.

"Futa."

"Mama, hiyo ni heshima," mwongozaji alinong'ona.

"Heshima gani? Nilikuomba neno moja tu."

"Filamu imeshafika nchi kumi na moja."

Alirudi nyumbani, asishone siku tatu. Siku ya nne alikuja mwalimu mkuu wa shule ya kijiji jirani, furushi begani, amejaa heshima.

"Shikamoo, fundi. Nasi tunatarajia wageni wa filamu. Lakini sare zetu hizi, kwa bahati mbaya, ni mpya na nzima. Tumeambiwa wewe ndiye mtaalamu wa kuchana."

Wifi aliinama kigodani ili asicheke. Mama Pindo alilifungua furushi, akachagua shati moja, akautazama mshono wa kwapa kwa muda mrefu.

"Nani kashona?"

"Fundi wetu wa kule."

"Hizi hazihitaji wembe, mwalimu. Wape watoto wazivae wiki mbili tu. Na wageni wakiuliza jina la fundi, mtajeni yeye. La kwangu msiliguse."

Mwalimu alilifunga furushi, ameudhika, akaaga. Alipofika njiani alisita, akatoa shati, akavuta mkono wa shati kidogo kujaribu. Mkono ulimbakia kiganjani. Akautazama, akaurudisha furushini kwa uangalifu, akaendelea na safari, uso wake umeridhika kabisa.